Dakika Tatu za Kimya

Anko wangu alistaafu Aprili 2025, na familia ikamfanyia sherehe nyumbani kwake Ngong. Hema la kukodi, viti vya plastiki, mbuzi wawili, pilau, na upepo wa vilimani uliokuwa ukipeperusha vitambaa vya meza kila dakika. Emsii alikuwa kijana wa kanisani aliyezoea harusi. Hotuba za wazee zilipoisha, akampa anko maikrofoni pamoja na swali ambalo bila shaka alidhani ni jepesi.

"Mzee, miaka 37 ya utumishi wa umma si mchezo. Hebu tuambie, katika hiyo yote, ni kitu gani umefanya unajivunia?"

Waliozungumza kabla yake walikuwa na vitu vya kuonyesha. Mkewe, mwalimu mstaafu, alimwonyesha mwanafunzi wake wa zamani aliyeketi safu ya pili, sasa daktari. Jirani ambaye ni mkunga alisema hawezi kupita sokoni bila kusalimiwa na mtoto aliyempokea kwa mikono yake. Fundi alionyesha nyumba yenyewe. Anko alishika maikrofoni, akanyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akauliza, "Redio zenu mnasikia vizuri?"

Tukaitikia ndiyo.

"Basi," akasema, akarudisha maikrofoni.

Watu walicheka, wakapiga makofi, keki ikakatwa. Wenzake wa kazini wakamkabidhi saa kubwa ya ukutani yenye jina lake na miaka aliyotumikia. Niliona kama mzaha: mtu akishamaliza kukimbizwa na saa, ndipo anapewa saa.

Lakini lile jibu halikunitoka. Mimi ni wa kizazi ambacho kinajua kujieleza. Ukiniuliza nimefanya nini mwaka huu nitakupa orodha, na picha juu yake. Huyu mzee alikuwa na miaka 37, na alichotupa ni swali moja na neno moja. Nikarudi mjini na matatu ya usiku nikijiuliza maswali mawili. La kwanza: je, kazi ambayo matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea inaweza kutosha kuwa maisha ya mtu? La pili lilitokana na mazungumzo yetu ya jioni hiyo, na ni gumu zaidi: mtu ambaye kazi yake ni kusimamia kimya, anajuaje kama kimya alichokisimamia kilikuwa cha haki?

Kwanza, kazi yenyewe. Wacha niseme ukweli, hadi nilipomaliza chuo nilijua tu kwamba anko "anafanya mambo ya redio", na utotoni nilisubiri sana kumsikia akitangaza. Kumbe kazi yake ilikuwa kusimamia mawimbi yenyewe. Alipoajiriwa mwaka 1988, barua, simu na usimamizi wa masafa vyote vilikuwa chini ya shirika moja la posta na simu, na redio yote ya nchi ilikuwa ya serikali. Capital FM ilipoanza 1996, ndipo kituo cha kwanza cha FM cha kibinafsi kikaingia hewani. Mwaka 1999 lile shirika kubwa likavunjwa vipande vitatu: simu kivyake, posta kivyake, na msimamizi wa mawasiliano kivyake. Baada ya hapo vituo vikamiminika, vya Kiingereza, Kiswahili, na lugha za mama.

Tatizo ni kwamba vituo vinaweza kuongezeka lakini masafa hayaongezeki. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108. Huo ni upana wa 20.5 tu. Ukiacha nafasi ya 0.4 kati ya kituo na kituo ili visivamiane, mji mmoja unapata vituo kama 50, basi. Hakuna kiwanda cha kutengeneza masafa mengine. Na bendi yenyewe ina jirani. Ukivuka 108 unaingia kwenye masafa ya ndege: kwanza mitambo inayomwongoza rubani kuilenga njia ya kutua, halafu kuanzia 118, sauti za marubani na za mnara wa kuongozea ndege. Mtambo mbovu wa FM juu ya paa la jengo fulani unaweza kuvuja ukaingia huko. Rubani anataka kusikia kama barabara ya kutua iko wazi, anasikia muziki.

Anko alikuwa mmoja wa wale wanaotoka na gari lenye antena kwenda kutafuta mtambo unaovuja. Alisema mara nyingi mwenye kosa si mhalifu. Ni mtu amenunua mashine ya bei rahisi, au fundi amefunga vifaa vibaya, au wahubiri wenye moyo safi wameongeza nguvu za mtambo ili neno lifike mbali. "Unamwonyesha kwenye kipimo," aliniambia, "anashtuka. Hakujua yuko kwa sikio la mtu mwingine."

Sasa fikiria ukiwa na kazi hiyo. Siku uliyoifanya vizuri, hakuna mtu katika Kenya nzima anayejua umeifanya. Msee ako Thika Road anasikiliza mchezaji akikosa penalti, analaani mchezaji. Halaani kelele za redio, kwa sababu hakuna kelele. Hawezi kukushukuru kwa kitu ambacho hakikumkera.

Tuna kazi nyingi za aina hiyo karibu nasi, na si bahati mbaya kwamba nyingi hazilipwi au zinalipwa kidogo. Shosho wangu amefagia ua wake kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Ukimwuliza amefanya nini maishani hatasema "nimefagia", ingawa asipofagia siku tatu utaona. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya binadamu, alitenganisha kazi inayoacha kitu duniani, kama meza au nyumba au kitabu, na kazi ambayo ikishafanywa inameza alama yake yenyewe: kupika, kuosha, kusafisha, na kesho tena. Hiyo ya pili ndiyo inayotuweka hai, na ndiyo isiyo na mnara wa kumbukumbu.

Sisi vijana wa mjini tumelelewa kuiogopa hiyo ya pili. Kila fomu ya kazi inauliza umeleta mabadiliko gani, kwa asilimia ngapi. Tunaambiwa tuache alama. Hakuna anayetuambia kwamba mtu pia anaweza kupita mahali akapaacha bila mkwaruzo, na kwamba hilo nalo ni jambo.

Lakini tusimpe mzee taji haraka hivyo. Kuna njia rahisi ya kudanganya hapa. Naweza kudai kwamba tangu nihamie Nairobi nimewazuia simba wa mbugani wasifike Tom Mboya Street, na ushahidi wangu ni kwamba hujawahi kuwaona pale. Kila mvivu serikalini anaweza kusimama mbele ya hema akasema: hakuna ndege iliyoanguka, nipigieni makofi. Utamtofautishaje mlinzi na anayejisifu?

Nilimwuliza anko hivyo, na hakuona ubaya. Aliniambia jibu liko kwenye daftari. Kila siku ya kupima waliandika mahali, saa, masafa, nguvu ya mawimbi, na walichokuta. Mwingine anaweza kwenda mahali pale pale na kifaa chake akapinga. Mlinzi wa kweli anaandika hata usiku ambao hakuna aliyekuja, tena anaandika kwa namna ambayo anaweza kukutwa na makosa. Nikaona hapo kuna kanuni inayofaa zaidi ya redio: kazi isiyoonekana inahitaji rekodi inayoonekana. Bila hiyo, inabaki imani tu.

Kuna swali la kina zaidi kuhusu kile alichokuwa akikilinda. Kenya tunaelewa vizuri mali ya umma ikiwa ina miti. Wangari Maathai aliposimama dhidi ya jumba refu ambalo lingejengwa Uhuru Park mwaka 1989, na alipoumizwa Karura mwaka 1999, watu waliona anachotetea. Nyasi zinaonekana. Msitu ukikatwa, unaona visiki. Masafa yakinyakuliwa, unaona nini? Mtu anaweza kushikilia mawimbi ya nchi nzima mfukoni mwake bila kuyatumia, na wewe upite chini yake kila siku ukienda kazini.

Mchumi Ronald Coase alipendekeza mwaka 1959 kwamba dawa ni kuyauza: masafa yawe mali kama mali nyingine, anayeyahitaji zaidi atalipa zaidi. Hoja yake ina nguvu, na nchi nyingi leo hupiga mnada masafa ya simu. Lakini kuna kitu inakiacha nje. Ukinunua ploti Kitengela, umenunua udongo. Uko pale hata wanadamu wote wakihama. Ukinunua 98.4, umenunua nini? Hewa ile ile iko kwa kila mtu. Ulichopata ni ahadi kwamba wengine wote, ndani ya eneo lile, hawatazungumza pale unapozungumza. Masafa ni makubaliano ya kunyamaza. Kila mtangazaji unayemsikia asubuhi kwenye matatu, na ucheshi wake wote, amesimama juu ya kimya cha maelfu ya watu ambao wangeweza kuwasha mitambo yao na hawakuwasha.

Ukilielewa hilo, unaona kwa nini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 34, inasema utoaji wa leseni za utangazaji usitawaliwe na serikali, wanasiasa wala maslahi ya biashara. Anayegawa sauti anagawa pia kimya. Na mwenye mamlaka ya kuniambia ninyamaze ili usikike, ana mkono kwenye swichi ile ile ya kuniambia ninyamaze ili nisisikike.

Kwa hivyo jioni ile, wageni walipoondoka na tukawa tunapanga viti, nilimwuliza lililokuwa limenikaa moyoni.

"Anko, Januari 2018 ulikuwa kazini?"

Alijua ninachouliza. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alikula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, na serikali ikazima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe, na bado zikakaa gizani siku kadhaa. KBC ilikuwa hewani muda huo wote.

"Nilikuwa," akasema.

"Na si wewe uliyezima."

"Si mimi. Lakini usinisafishe haraka hivyo. Nilijua kila swichi iko wapi."

Akaweka chini viti alivyobeba. Akaniambia alienda kazini kama kawaida siku iliyofuata, akawasha kifaa chake cha kupima. Kwenye skrini ya kifaa hicho, kituo kilicho hewani huonekana kama kilima. Asubuhi hiyo, pale ambapo miaka yote amezoea kuona vilima, palikuwa tambarare kama uwanja wa mpira.

"Hakukuwa na kelele hata kidogo," alisema. "Hakuna aliyemvamia mwenzake. Ukifuata kipimo changu tu, hiyo ilikuwa siku safi kuliko zote nilizowahi kupima."

Alinyamaza kidogo.

"Ndiyo nikajua kipimo changu hakitoshi."

Nimefikiria sentensi hiyo kuliko jambo lolote nililosoma mwaka huu. Mtu ametumia maisha yake akihesabu kutokuwepo kwa kelele kama wema. Siku moja analetewa kutokuwepo kwa kelele kuliko kamili, na anatambua kwamba ni ubaya. Kifaa hakikudanganya. Kilikuwa kikimwambia kweli kuhusu jambo lisilokuwa lenye maana siku hiyo.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo: kuzima sauti ni vibaya, mwisho wa hadithi. Lakini eneo letu hili haliruhusu jibu rahisi hivyo. Mwaka 1994 redio RTLM ilichochea mauaji Rwanda, ikitaja majina na mahali watu walipo. Ilijadiliwa nje ya nchi kama mawimbi yake yavurugwe, na hayakuvurugwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu watu waliokuwa nyuma ya redio hiyo. Waliokuwa wamejificha darini wangetamani sana mtu mmoja mwenye gari la antena akifika kwenye mnara ule. Na hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliona yote mawili ndani ya majuma machache: serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na wakati huo huo kuna redio ambazo Tume ya Waki baadaye ilizitaja katika uenezaji wa chuki. Kimya kilikuwa kikitumika vibaya mahali pamoja na kukosekana mahali pengine.

Kwa hivyo swali si kama kunyamazishana kunaruhusiwa. Kila unaposikiliza redio, kuna watu wamenyamaza. Swali ni kimya kipi.

Anko alinijibu kwa kutumia ile zawadi niliyoicheka. Aliitoa saa kwenye boksi, akailaza mezani. "Unajua saa ya chumba cha redio, ya meli?" Sikujua. Akasema yeye aliziona bandarini Mombasa, melini, enzi za kukagua mitambo ya redio. Uso wa saa hiyo ulikuwa na vipande viwili vilivyopakwa rangi nyekundu: kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na kuanzia ya 45 hadi ya 48. Dakika tatu, mara mbili kila saa. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kila meli na kila kituo cha pwani waliokuwa kwenye masafa ya kilohezi 500, yale ya kuomba msaada, walitakiwa waache kutuma chochote na wasikilize. Bila kujali una telegramu za matajiri wangapi. Ilikuwa ili kama kuna mtu mahali anazama, mwenye mtambo dhaifu na betri inayokwisha, asikike.

Kanuni za aina hiyo zilizaliwa na msiba. Usiku wa 14 Aprili 1912, meli ya Californian iliionya Titanic kuhusu barafu. Mwendesha redio wa Titanic alikuwa amezidiwa na ujumbe wa abiria wake, na akamwambia mwenzake anyamaze, ana kazi. Mwenzake akazima mtambo akalala. Muda mfupi baadaye Titanic ikagonga barafu, ikaita msaada, na ile meli iliyokuwa karibu haikuwa na aliyeamka kusikia. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Angalia vizuri usiku huo una vimya viwili, na vyote vibaya: kimya ambacho meli kubwa ilimlazimisha aliyeleta onyo, na kimya cha aliyelala wakati wa kilio. Dunia ilijifunza kutengeneza kimya cha tatu.

Kile cha dakika tatu kina sifa ambazo naona zinatosha kupimia vimya vyote. Kwanza, mkubwa ananyamaza pia. Meli kubwa na meli ndogo zote zilikuwa chini ya mshale mmoja. Pili, wananyamaza ili mnyonge asikike. Tatu, mwisho wake unajulikana kabla hakijaanza, na kinachokimaliza ni saa, haisubiriwi hisia ya bosi.

Chukua maswali hayo uende nayo 2018. Mkubwa alinyamaza? La, redio na runinga ya serikali iliendelea. Nani alisikika vizuri zaidi kwa sababu ya kimya hicho? Hakuna mnyonge nimtajaye. Kiliisha lini? Hata amri ya mahakama haikukimaliza palepale. Nenda nayo RTLM, na unaona kwamba kumnyamazisha anayeita wauaji ni kumpa nafasi anayewindwa, ingawa hata hapo ungetaka mahakama, na muda, na rekodi. Maswali hayo hayafanyi kazi ya kufikiri kwa niaba yako. Yanakuzuia tu usidanganywe na skrini tambarare.

Nilimwuliza anko kama anajilaumu. Hakulia, hakujitetea. Alisema alikuwa na watoto wawili chuoni mwaka ule. Alisema pia kwamba katika miaka 37 hakuwahi kusema neno hadharani kuhusu kazi yake, na kwamba alikiita kimya hicho nidhamu. "Lakini dakika tatu zinaisha," akasema. "Yangu mimi niliiacha ikaendelea."

Sijui kama ningefanya tofauti. Kodi ya nyumba ni kodi ya nyumba. Lakini naona amefika mahali ambapo watu wengi wenye vyeo hawafiki: amekataa kuchukua upande mmoja wa hesabu. Mtu hawezi kudai sifa ya anga safi iliyowafikisha abiria salama, halafu anawe mikono mbele ya skrini tambarare akisema mimi nilikuwa napima tu. Ama vyote viwili ni vyake, ama hakuna kilicho chake. Yeye ameamua ni vyote. Kwa hivyo nikaelewa kwa nini alisita na maikrofoni mkononi. Alikuwa akitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli kwa pande zote mbili, na alichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba redio zinasikika.

Na hili si la wazee wa serikali peke yao. Sisi tumezaliwa na mitambo mfukoni. Hakuna anayehitaji leseni kuingia kwenye Space ya X na kuongea saa tatu. Kila mtu ni kituo. Na Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, jambo la ajabu kidogo lilitokea: vijana walijaa kwenye Zello, programu inayogeuza simu kuwa redio ya upepo. Kwenye chaneli ya Zello huongei wakati mwenzako anaongea. Unashikilia kitufe, unasema, unaachilia. Manze, kizazi kinachosemwa hakisikilizi kilichagua chenyewe chombo ambacho nusu ya matumizi yake ni kuachilia kitufe, kwa sababu barabarani kulikuwa na mtu anayehitaji kujua gari la majeruhi liko wapi. Hakuna aliyetulazimisha. Hicho kilikuwa kimya cha kipande chekundu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, waandamanaji walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, na amri ikatolewa kwamba vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Matangazo ya vituo kadhaa yakakatwa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Anko alikuwa nyumbani, mstaafu wa miezi miwili, na chai yake. Nilimpigia usiku.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeandika," akasema.

Nilipoenda Ngong wikendi hiyo alinionyesha. Daftari la shule la kurasa 96, la mjukuu wake, ukurasa wa kwanza umechorwa mistari kwa rula. Jina la kituo. Saa kilipopotea. Saa kilipopatikana tena. Chini yake ameweka sahihi na namba ya simu, ili mtu mwenye kumbukumbu tofauti ampigie.

Juu ya meza ya chakula, ile saa imetundikwa. Amepaka vipande viwili vyekundu kwa rangi ya kucha ya bintiye. Mkewe anasema imeharibu saa nzuri. Mimi nikiulizwa siku moja, mbele ya hema la kukodi, kwamba nimefanya nini, ningependa niwe na daftari kama lile la kufungua, lenye kurasa ninazojivunia na zile ambazo ningependa kuruka, zote kwa mwandiko wangu.